Maua kwa Mashine, na Mkono Je?

Wahindu wana kisa cha fundi aliyelikereza Jua. Binti yake, Sanjna, aliolewa na Surya, ambaye ndiye Jua lenyewe, akashindwa kustahimili joto la mumewe. Akakiacha kivuli chake nyumbani kikae mahali pake, akakimbilia porini. Surya alipotambua kwamba anaishi na kivuli, alikwenda kwa baba mkwe. Mzee alilitatua jambo kwa ufundi anaoujua: alimfunga mkwewe kwenye mashine ya kukereza, akaizungusha, akampunguza mng'aro sehemu moja ya nane. Maranda yaliyodondoka, yakiwa bado yanawaka, hakuyatupa. Aliyafua yakawa gurudumu la vita la Vishnu, mkuki wa ncha tatu wa Shiva na silaha za miungu wengine. Jina la fundi huyo ni Vishwakarma.

Kinachonivuta katika kisa hiki ni yale maranda. Aliyekitunga alishakaa karakana. Alijua kwamba kitu kikizidi hupunguzwa kidogo kidogo huku ukipima, kwa kuwa ukishakata sana hakirudi tena. Alijua pia kwamba fundi hafagii kilichodondoka chini ya meza kabla ya kukitazama mara mbili. Hata maandiko ya kale zaidi ya Wahindu, Rigveda, yanapomwimba Vishwakarma kama muumba wa ulimwengu, yanauliza swali la seremala: ulikuwa mti gani, msitu gani, ambamo mbingu na ardhi zilichongwa?

Kila mwaka, tarehe 17 Septemba, na mara chache siku moja mbele au nyuma, mafundi wa mashariki na kaskazini mwa India, na wa Nepal pia, humfanyia Vishwakarma sikukuu yake. Sikukuu nyingi za Kihindu hufuata mwezi, ndiyo maana Diwali huhama kati ya Oktoba na Novemba. Hii hufuata jua. Huangukia siku jua linapoingia buruji ya Mashuke, siku ya mwisho ya mwezi wa Bhadra kwa kalenda ya Wabengali. Fundi anaijua tarehe yake miaka kumi mbele.

Kolkata, jiji kuu la jimbo la Bengal Magharibi, na Howrah iliyo ng'ambo ya mto Hooghly, ndiko siku hii ilikoshika mizizi ya viwandani. Kumartuli, mtaa wa wafinyanzi kaskazini mwa jiji, sanamu za Vishwakarma hutangulia kutoka kabla ya zile kubwa za mungu mke Durga. Ukizitazama utaona jambo. Kwingine huchorwa mzee wa ndevu nyeupe, taji kichwani, batamaji pembeni. Huku Bengal ni kijana wa masharubu meusi, amepanda tembo, nyundo mkononi, na mara nyingine ameshika tiara. Naona Wabengali walikuwa na sababu. Kiwanda cha kwanza cha juti kando ya Hooghly kilianza mwaka 1855, vikafuata vingine vingi, na mtu aliyeonekana kila siku kwenye mageti yake alikuwa kijana aliyetoka Bihar kutafuta kibarua. Mungu wa mafundi alichukua sura ya wale waliokuwa wakifanya kazi.

Siku yenyewe ikifika, mashine zimeshaoshwa. Pandit, kuhani wa Kihindu, husoma dua, hupaka liwa na unga mwekundu kwenye kichwa cha mashine, nyundo na spana hupangwa chini ya sanamu kama vyombo vya karamu, nazi hupasuliwa, udi huwashwa. Baada ya hapo hakuna anayegusa swichi hadi kesho yake. Juu ya mapaa, watoto na watu wazima hurusha tiara, kila mmoja akitaka kuukata uzi wa mwenzake, na tiara ikikatika mtaa mzima hupiga kelele "Bhokatta!" (Uzi hupakwa vumbi la chupa ili ukate. Ule wa nailoni ulipigwa marufuku na mahakama ya mazingira mwaka 2017, kwa sababu hukata ndege mabawa na wapanda pikipiki shingo. Uhondo wa siku hauhitaji damu ya mtu.)

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote, kwangu mimi, ni geti. Viwanda vingi vya huko vina desturi ya kuwafungulia geti ndugu na jamaa siku hiyo. Mwaka mzima mlinzi husimama pale akikagua vitambulisho. Siku ya Vishwakarma, mke wa fundi na watoto wake huingia wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, na mtoto huonyeshwa: hii ndiyo mashine ya baba. Mtoto anayemwona baba akirudi kila jioni na harufu ya girisi, kwa mara ya kwanza anaona harufu ile inakotoka. Sijui sikukuu nyingine inayofanya hivyo. Mei Mosi tunaandamana barabarani na mabango, tukiwa tumekiacha mbali mahali pa kazi penyewe. Hapa mahali pa kazi pamegeuzwa kuwa mahali pa kualika wageni.

Kwa hiyo ninaposema kwamba sikukuu hii ina kasoro kubwa, nasema kama mtu anayeipenda. Kasoro yake ni kwamba heshima inaishia kwenye chuma. Inapanda kwenye mashine, inaenea hadi kwenye spana ndogo kabisa, kisha inasimama pale mpini unapoanza. Mkono unaoushika mpini huo unabaki nje.

Nililiona hili nikiwa mtoto, wala si India, bali Tanga.

Mjomba wangu alikuwa mkereza wa chuma katika karakana moja ya pale mjini. Mwenye karakana alikuwa Singasinga, au Kalasinga kama wasemavyo wenzetu wa Kenya, mzee mpole aliyeirithi kwa baba yake. Kazi yao kubwa ilikuwa vipuri vya mashine za korona, zile zinazokamua majani ya mkonge na kuacha nyuzi. Watu wa ukoo wake walifika huku wakiwa mafundi. Reli ya kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilijengwa na vibarua na mafundi wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Wapatao 2,500 walikufa. Wengi wa waliosalia walirudi kwao. Waliobaki hawakufika 7,000, na wengine wakaja baadaye kwa hiari yao. Miongoni mwao walikuwamo Waramgarhia, Masingasinga ambao kwa asili ni maseremala, wahunzi na waashi. Hata maneno tunayotumia kila siku, karakana, gari, randa, ni ya upande ule wa bahari.

Masingasinga hawasujudii sanamu. Lakini Waramgarhia wamebaki na siku ya Baba Vishwakarma, na kwa Wapunjabi siku hiyo huwa kesho yake baada ya Diwali. Mafundi wa Gujarat nao wana tarehe yao nyingine, Januari au Februari. Pale Tanga, siku mbili kabla, mjomba alikuwa akianza kuiosha mashine ya kukereza. Nilikuwa namsaidia. Alichovya tambara kwenye mafuta ya taa, akapitisha kwenye kila mfereji, kila jino la gia, kila kona ambayo maranda ya chuma hujificha. Palipokataa tambara aliingiza brashi ya katani. Kisha alipaka mafuta mepesi, akafuta, akapaka tena, hadi kile kitanda kirefu cha chuma kikawa kinaakisi dirisha. Hakuna mtu aliyeijua mashine ile kama yeye. Alijua kwa sikio tu kama beringi imeanza kuchoka.

Siku ilipofika, mzee alikuja na mkewe na wanawe. Akaivika mashine shada la maua ya manjano, akawasha udi, akasimama kimya akiwa amefumba macho, kiganja juu ya chuma. Kisha akagusa kifua chake. Wanawe nao wakafanya vivyo hivyo. Mjomba na mafundi wenzake walikuwa wamesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Mwishoni waligawiwa halua ya moto yenye samli, kila mmoja katika kipande cha gazeti, wakashukuru, wakaondoka.

Mjomba alikuwa akilipwa kwa siku. Siku ambayo hakufanya kazi, hakulipwa. Mashine ilipumzika, yeye alipoteza ujira. Mzee hakuwa mtu mbaya, na ndivyo vibarua walivyolipwa karibu kila mahali. Lakini nilipokuwa mkubwa nikasoma habari za sikukuu hii na falsafa yake nzuri kuhusu kupumzisha zana, akili yangu ilirudi kwenye ule mlango. Je, ni nani hasa anayepumzika? Nchini India hadi leo wafanyakazi walio wengi mno hawana mkataba wa kudumu. Dereva wa bajaji, kibarua wa kiwandani aliyeletwa na wakala, fundi wa kuunga vyuma kando ya barabara: kwao siku ambayo chombo kimelala ni siku ambayo sufuria imelala. Pumziko la zana lisiloandamana na ujira wa mtu ni zawadi ambayo maskini anaitoa na tajiri anapewa shukrani.

Kuna kisa kingine cha Vishwakarma ambacho nadhani kinalijua tatizo hili kuliko mahubiri yoyote. Kinatoka Puri, katika jimbo la Odisha, mji wa hekalu la mungu Jagannath. Mfalme alitaka sanamu za Jagannath na ndugu zake zichongwe kwa gogo takatifu. Akatokea seremala mzee, ambaye kumbe ni Vishwakarma mwenyewe, akaikubali kazi kwa sharti moja: afungiwe chumbani siku 21, mtu yeyote asifungue mlango. Siku zikapita. Mara sauti ya patasi ikakoma. Malkia akaingiwa na hofu kwamba mzee amekufa, mfalme akaamuru mlango ufunguliwe kabla ya siku kutimia. Seremala akatoweka, sanamu zikabaki kama alivyoziacha: macho makubwa ya duara, na mikono haijachongwa.

Hadi leo ndivyo zilivyo. Huchongwa kwa mti wa mwarobaini, na kila baada ya miaka kadhaa hutengenezwa mpya. Mara mbili za karibuni zilikuwa 1996 na 2015. Na kila mara fundi huzichonga bila mikono kamili, kwa kuwa ndivyo zilivyorithiwa. Mahujaji huambiwa maana nyingi za kiroho za umbo lile, nami sina ugomvi nazo. Lakini yeyote aliyewahi kuwa fundi, au kuishi na fundi, anakielewa kisa kwa namna nyingine. Mwenye mali hakumwacha fundi amalize. Hakuiamini kauli yake. Aliposikia kimya, alidhani kazi imesimama, hakujua kwamba kuna hatua ambayo fundi huweka chini patasi na kutazama tu. Kilichokosekana ni mikono.

Vishwakarma husemwa kuwa baba wa mafundi wa aina tano: wahunzi, maseremala, wafua shaba, wachonga mawe na masonara. Jamii zinazobeba jina lake zimejenga mahekalu ambayo dunia nzima huenda kuyapiga picha. Ukienda Ellora, katika jimbo la Maharashtra, pango namba 10 linaitwa kwa jina lake, ingawa ni pango la Wabudha lililochongwa karne ya 7. Wenyeji huliita pia kibanda cha seremala. Dari lake limekatwa ndani ya mwamba, lakini lina mbavu za boriti, moja baada ya nyingine, kama lingekuwa la mbao. Boriti zile hazibebi kitu. Mwamba haukuzihitaji. Mchongaji aliziweka kwa sababu waliomtangulia walijenga kwa mbao, na yeye hakutaka mkono wao usahaulike. Ni heshima ya fundi kwa fundi, na haikumhitaji pandit.

Wenye jina la mungu fundi, hata hivyo, hawakupewa nafasi ya mungu. Kwa karne nyingi wamebishania cheo chao katika ngazi ya tabaka, wengine wakidai kuwa nao ni Mabrahmani, tabaka la juu la makuhani, wenye ngazi wakiwakatalia. Na chini yao wako wengine ambao zana zao hazijawahi kufikishwa mbele ya sanamu. Ufagio na ndoo ya mtu anayezibua majitaka ni zana za kazi kama nyundo. India imepiga marufuku kazi ya kuondoa kinyesi kwa mikono, na sheria ya mwaka 2013 iliikaza zaidi marufuku hiyo, lakini watu bado wanashuka kwenye mashimo ya majitaka na kufa kwa hewa yake. B. R. Ambedkar, mwanasheria na mtetezi wa waliotengwa na tabaka, aliandika mwaka 1936 kwamba mfumo wa tabaka haugawi kazi tu, unawagawa wafanyakazi wenyewe. Ukiitazama sikukuu ya zana ukiwa na kauli hiyo kichwani, utaanza kuhesabu zana ambazo hazipo.

Sisi Waswahili tuna methali: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Asipoweza kufua chuma, basi atashika mivukuto. Tunaitumia kusema kwamba mtoto hakosi kuchukua kitu kwa mzazi, na aghalabu tunaisema tukiwa na fahari. Lakini igeuze kuwa amri, uone inavyokuwa. Mwana wa mhunzi *lazima* avukute, na asiye mwana wa mhunzi haruhusiwi kuligusa fuawe. Hapo umepata tabaka.

Jambo hili si la kale. Mwaka 1953, waziri mkuu wa jimbo la Madras, C. Rajagopalachari, alileta mpango wa shule za msingi ambamo mtoto angesoma nusu ya siku, na nusu nyingine akajifunze kazi ya wazazi wake nyumbani. Kwa mtu wa ofisini ulisikika kama mpango wa busara. Kwa mtoto wa mfua nguo ulimaanisha kwamba serikali imeshamwandikia mwisho wake. Upinzani ulikuwa mkali, na mwaka 1954 Rajagopalachari aliachia madaraka na mpango ukafutwa.

Miaka 70 baadaye, tarehe 17 Septemba 2023, siku ya Vishwakarma ambayo pia ni siku yake ya kuzaliwa, waziri mkuu Narendra Modi alizindua mpango wa taifa wenye jina la mungu huyu. Unahusu kazi za mikono 18: seremala, mtengeneza boti, mhunzi, mfinyanzi, mshona viatu, mwashi, msuka vikapu, kinyozi, mfua nguo, fundi cherehani, msuka nyavu na wengine. Serikali ilitenga rupia bilioni 130 kwa miaka mitano. Fundi anayesajiliwa hupata mafunzo na posho ya rupia 500 kwa siku, msaada wa rupia 15,000 wa kununulia zana, na mkopo wa rupia 100,000 kisha 200,000 kwa riba ya asilimia 5.

Ziangalie tena zile rupia 500. Hapo mtu analipwa kwa siku ambayo ameacha kazi yake kwenda kujifunza. Hilo ni jambo ambalo mjomba wangu hakulipata maishani mwake, nami siwezi kulibeza. Na rupia 15,000 za zana zinamfanya fundi amiliki patasi yake badala ya kuikodi. Anayeona ni kidogo hajawahi kuazima randa kwa jirani na kuirudisha usiku.

Tatizo liko kwenye mlango wa kuingilia. Mpango uliandikwa kwa ajili ya kazi za jadi za ukoo. Serikali ya Tamil Nadu, jimbo lililozaliwa kutoka Madras ileile ya 1953, ilikataa. Novemba 2024 waziri mkuu wa jimbo, M. K. Stalin, aliiandikia serikali kuu kwamba hatautekeleza kama ulivyo. Alitaka sharti la kazi ya ukoo liondolewe, yeyote mwenye kazi hiyo akubaliwe, na umri wa chini upandishwe kutoka miaka 18 hadi 35. Baadaye jimbo lilianzisha mpango wake lenyewe.

Nakubaliana naye kuhusu ukoo, moja kwa moja. Kuhusu umri nilisita mwanzoni, kwa sababu kijana wa miaka 20 anahitaji zana kuliko mzee. Kisha nikaelewa hoja. Mtu wa miaka 35 ameshachagua, umsaidie. Kijana wa miaka 18 aliyepewa mkopo wa kunyolea, kwa kuwa tu baba yake ni kinyozi, siku hiyohiyo rafiki yake anapojaza fomu ya chuo, amesukumwa. Waliomzoea mungu huyu kama kijana wa masharubu juu ya tembo wangependa kila kijana apewe nyundo. Mimi ningependa kwanza aulizwe kama anaitaka.

Siasa imeikamata siku hii kwa njia nyingine pia. Bharatiya Mazdoor Sangh, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoanzishwa mwaka 1955 na lenye undugu wa kiitikadi na chama cha Modi, huadhimisha siku ya Vishwakarma kama siku ya taifa ya wafanyakazi, badala ya Mei Mosi. Wanasema wafanyakazi wa India wawe na siku yenye asili ya India. Hoja ina uzito wake. Lakini Mei Mosi ilizaliwa na madai: saa nane za kazi, basi. Siku ya Vishwakarma haina dai lolote kwa mwajiri; yeye ndiye mwenyeji, hununua maua na kugawa halua. Muislamu, Mkristo au Mdalit (mtu wa jamii zilizotengwa chini kabisa ya ngazi ya tabaka) asiyetaka kuinama mbele ya sanamu ile atasimama wapi siku hiyo? Mlangoni, tena.

Kusini mwa India wana ndugu wa sikukuu hii, Ayudha Puja, inayofanywa siku ya tisa ya Navaratri, sikukuu ya siku tisa. Mabasi hufungwa migomba mbele, ndimu huwekwa chini ya matairi zikanyagwe, maboga hupasuliwa barabarani (na mabaki yake huangusha wenye pikipiki), kompyuta za Bengaluru hupakwa liwa, na vitabu hufungwa visisomwe. Neno ayudha lina maana ya silaha, na maana hiyo haijafa. Oktoba 2019, waziri wa ulinzi Rajnath Singh alikwenda Ufaransa kupokea ndege ya kwanza ya kivita aina ya Rafale, akaiwekea maua na nazi, ndimu zikawekwa chini ya magurudumu. Sina la kusema sana hapo. Patasi na ndege ya kudondosha mabomu hazistahili liwa moja.

Nirudi Bengal, maana huko ndiko ninakopata tumaini. Viwanda vile vikubwa vilivyoifanya sikukuu kuwa kubwa vimepungua. Kiwanda cha Uttarpara, nje kidogo ya Kolkata, kilichotengeneza gari la Ambassador tangu miaka ya 1950, kilisimamisha kazi mwaka 2014. Viwanda vya juti vimefungwa kimoja baada ya kingine. Sanamu, hata hivyo, zinaendelea kutoka Kumartuli. Zimekuwa ndogo, na zinakwenda kwenye vituo vya bajaji, gereji za kando ya barabara, vibanda vya kuchomelea vyuma, maduka ya kutengeneza simu. Madereva huchangishana fedha, hununua sanamu, hukodi spika, hupika. Hakuna mwenye kiwanda wa kuvisha shada kwa niaba yao. Anayepaka liwa kwenye usukani ndiye anayeushika kesho. Pale mkono na chombo viko upande mmoja wa mlango, na nadhani ndivyo sikukuu ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo, ingawa siku hiyo bado hakuna anayewalipa.

Karakana ya Tanga ilifungwa mkonge ulipodorora. Mjomba aliinunua jiriwa moja kwa mzee kabla hajahama, akaipeleka Muheza, akaifunga kwenye gogo la mwembe nyuma ya nyumba. Ana mwanafunzi mmoja. Si wa ukoo wetu. Ni binti wa jirani anayeuza machungwa kituoni. Kila asubuhi, kabla ya kuanza, mjomba husema Bismillahi, huigusa jiriwa kwa kiganja, kisha hugusa kifua chake. Sijawahi kumuuliza. Mara ya mwisho nilipokwenda, binti alifika mapema kuliko yeye. Akaifuta jiriwa umande kwa kipande cha kanga, akaigusa, akagusa kifua, akabana bawaba kwenye taya na kuchukua tupa. Mjomba alitoka na kikombe cha chai, akamtazama kidogo, akamwambia alegeze vidole, mpini ule utamchubua.